Mwongozo kamili: Pima mradi wa kuku wa mayai kabla hujanunua hata kifaranga kimoja

Michanganuo ya kuku wa mayai inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ina kasoro ile ile. Inachukua kuku 500, inazidisha kwa yai moja kila siku, inazidisha tena kwa bei ya yai dukani, kisha inatoa gharama ya chakula kidogo. Faida inatoka nono. Mtu anajenga banda, analeta vifaranga, na ikifika mwezi wa nne hela ya chakula imekata. Anaishia kuuza mitetea kwa bei ya kutupa, wiki chache kabla haijaanza kutaga.

Wengi mmeniandikia mkiwa mmeshafika hapo. Inaniuma, kwa sababu kasoro hiyo ingeonekana kwenye karatasi kabla hela haijatoka mfukoni. Mwongozo huu ni wa kuifanya kazi hiyo ya karatasi, hatua kwa hatua. Nimetumia kuku 500 na shilingi za Tanzania. Bei zote hapa ni za mfano, zitoe uweke za kwako. Viwango vya chakula, maji na nafasi ni vya kuku wa kisasa wa mayai, hivyo vishike.

## Vitu vya kuwa navyo

- Daftari moja la mradi huu tu, kalamu na kalkuleta ya simu.
- Nauli ya kuzunguka sokoni na kwa wafugaji. Ukiacha trei za jaribio, hii ndiyo gharama pekee utakayoingia kwa sasa.
- Hela ya kununua trei chache za mayai kwa ajili ya jaribio la hatua ya 2.
- Futi ya kupimia kiwanja.
- Wiki tatu hadi nne za muda wako. Ukishindwa kuupata muda huo sasa, jiulize utaupata wapi kuku wakishafika.

Usinunue kitu kingine chochote. Hata tofali.

## Hatua ya 1: Andika mradi kwa sentensi yenye namba

Andika hivi: "Nitafuga kuku 500 wa mayai mahali fulani, nitauza trei kadhaa kwa wiki kwa watu fulani, kwa bei fulani, na hela ya kuwalisha hadi watage inatoka mahali fulani." Acha nafasi tupu pale usipojua.

Sababu yake ni kwamba neno "nataka kufuga" haliwezi kupimwa, ila sentensi yenye namba inaweza kuonekana kuwa ya uongo.

Utajua umefanikiwa ukiona nafasi tupu ziko wazi mbele yako. Kwa wengi zinakuwa tatu: mnunuzi, bei, na hela ya kulishia. Hatua zinazofuata ni za kuzijaza.

## Hatua ya 2: Anza sokoni, banda lisubiri

Kuku 500 wakitunzwa vizuri, tuseme wamebaki 475 na wanataga kwa wastani wa asilimia 80, watakupa mayai 380 kwa siku. Hizo ni trei 12 na mayai 20. Kwa mwezi ni trei 380. Kila siku ya Mungu, sikukuu na siku ya mvua, trei 12 lazima ziondoke, maana mayai yakikaa kwenye joto la Dar es Salaam au Tanga yanaharibika.

Nenda kwa wanunuzi wa aina nne: maduka ya jumla ya mayai, maduka ya mtaani, wauza chipsi, na migahawa au shule. Usiende kama mtu anayetaka kufuga. Nenda kama mtu mwenye mayai wiki ijayo. Majibu yanabadilika kabisa.

Muulize kila mmoja:

1. Unachukua trei ngapi kwa wiki, na kwa nani sasa hivi?
2. Unalipa shilingi ngapi kwa trei ukiletewa mlangoni?
3. Unalipa papo hapo, au unachukua mali kauli na kulipa yakishauzika?
4. Mwezi gani bei inashuka sana, na inashuka hadi ngapi? Ulizia Ramadhani, na ulizia shule zikifungwa.
5. Yai dogo unalichukua kwa bei gani?

Swali la tano watu hulipita, nalo ni la muhimu. Mtetea anapoanza kutaga, mayai yake ya mwanzo ni madogo, na mnunuzi atakukata bei wiki zile zile ambazo una njaa ya hela kuliko wakati wowote.

Simama pia kwenye duka la jumla uangalie mzigo unavyopokelewa. Muuzaji anafungua kila trei na kupitisha macho, anatoa yenye ufa, yale yenye kinyesi anayaweka kando, madogo anayarundika kwenye trei yake. Kilichobaki ndicho anacholipia. Kisha anakurudishia trei tupu, na zilizochanika ni zako. Upungufu huo haumo kwenye mchanganuo wa WhatsApp.

Sasa jaribio lenyewe. Nunua trei kumi kutoka kwa mfugaji kwa bei ya shambani, uziuze mwenyewe kwa wale uliowahoji. Rudia wiki inayofuata, na nyingine. Utajua nani mkweli, nani anakopa asilipe, na bodaboda wanavunja mayai mangapi njiani. Faida inaweza isikutoshe hata vocha. Hilo lisikukatishe tamaa, kwa sababu unachonunua hapa ni ukweli wa soko.

Onyo: bei unayoiona kwenye duka la mtaani ni ya rejareja. Kwenye hesabu weka bei uliyolipwa wewe, mkononi, kwa mzigo uliopokelewa.

Utajua umefanikiwa ukiwa na wanunuzi waliokwisha kukulipa kweli, ambao mahitaji yao yakijumlishwa yanafika angalau trei 60 kwa wiki. Hiyo ni kama theluthi mbili ya mayai yako. Zinazobaki duka la jumla litazichukua, kwa bei yake.

## Hatua ya 3: Hesabu trei zinazonunua mfuko wa chakula

Hapa ndipo mradi unapokufa au kupona, kwa hiyo twende taratibu.

Kuku anayetaga anakula gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku. Chukua 120. Akitaga kwa asilimia 80, kila yai limekula gramu 150, na trei ya mayai 30 imekula kilo 4.5. Ina maana mfuko wa kilo 50 unakupa trei 11 na kidogo.

Sasa gawanya bei ya mfuko kwa bei ya trei. Mfuko ukiwa 60,000 na trei 7,500, unapata 8. Kwa hiyo trei 8 zinarudi kununua mfuko mwingine, na zinabaki 3. Hizo trei tatu ndizo zitakazolipa mshahara wa kijana wa banda, chanjo, dawa, maji, umeme, maranda, usafiri, gharama yote ya kuwakuza kuku kabla hawajataga, banda lenyewe, na wewe.

Ibandike namba hii ukutani: trei zinazobaki kwa kila mfuko. Iangalie inavyoyumba kuku wakipunguza kutaga, bei zikiwa zile zile:

- Wakitaga asilimia 90: mfuko unatoa trei 12.5, zinabaki 4.5.
- Asilimia 80: trei 11.1, zinabaki 3.1.
- Asilimia 70: trei 9.7, zinabaki 1.7.
- Asilimia 60: trei 8.3, zinabaki 0.3. Hapo unamfanyia kazi muuza chakula.

Kijitabu cha kampuni ya vifaranga kitakuonyesha kuku wakipita asilimia 90. Wanapita kweli, kwa wiki kadhaa za kilele, kisha wanashuka polepole hadi wanapotolewa. Kwenye hesabu weka wastani wa kipindi chote. Usiupate kwenye kijitabu, upate kwa wafugaji. Tembelea watatu wenye kuku wa umri tofauti, na uombe kuona daftari la kumbukumbu. Mtu akikuambia "wanataga vizuri tu" bila daftari, shukuru kwa chai uondoke. Mwenye daftari atakufungulia ukurasa, na utauona mwezi mayai yalipoporomoka. Muulize kilichotokea. Utasikia habari za chakula kilichobadilishwa ghafla, joto, ugonjwa wa kideri, au maji yaliyokatika siku moja tu.

Onyo: usishushe gharama kwa kuandika "nitachanganya chakula mwenyewe". Inawezekana, na wapo wanaofanya vizuri. Ila inataka mtaji wa kununua mahindi, mashudu, soya na dagaa wakati wa mavuno, ghala kavu, na fomula sahihi. Mahindi yenye ukungu yana sumukuvu na yataangusha utagaji. Fanya hesabu kwa chakula cha dukani, kisha kuchanganya mwenyewe kuje baadaye kama nafuu.

Sasa jumlisha matumizi mengine ya mwezi. Mfano wetu: mshahara 200,000, chanjo na dawa 60,000, maji na umeme 50,000, maranda, usafiri na trei 70,000. Jumla 380,000, ambayo ni 1,000 kwa kila trei.

Trei inauzwa 7,500. Chakula kinachukua 5,400, matumizi mengine 1,000. Inabaki 1,100, mara trei 380, sawa na 418,000 kwa mwezi. Wengi wangeishia hapa na kuiita faida. Bado, kwa sababu kuna deni la ukuzaji linalokuja kwenye hatua ya 4.

Utajua umefanikiwa ukiwa na trei zinazobaki kwa mfuko zilizotokana na bei ulizolipwa na kulipa, na wastani wa utagaji uliouona kwenye daftari la mtu.

## Hatua ya 4: Pima shimo la wiki 20

Kuku wa mayai anaanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20. Hadi hapo kila mmoja ameshakula kama kilo 8, akiwa hajakupa hata shilingi. Kuku 500 ni kilo 4,000, mifuko 80.

Andika shimo lako hivi:

- Vifaranga 500 kwa 3,000: 1,500,000
- Mifuko 80 kwa wastani wa 60,000: 4,800,000
- Chanjo, dawa, mkaa wa kuwapa joto, maranda: 500,000
- Mshahara wa miezi mitano: 1,000,000
- Jumla: 7,800,000

Shimo halijafika chini bado. Kuku 475 wanakula kilo 57 kwa siku, yaani 68,400. Kwa bei ya 250 kwa yai unahitaji mayai 274 kila siku ili kulipa chakula tu, na hiyo ni asilimia 58. Kundi huchukua wiki kadhaa tangu yai la kwanza kufika hapo. Weka wiki tatu za chakula kamili juu yake: mifuko 24, sawa na 1,440,000. Mayai madogo ya mwanzo yatalipa sehemu, lakini usiyatie kwenye mpango.

Hela ya kulishia na kukuza inafika 9,240,000. Banda na vyombo ni nje ya hapo. Ukiwa na milioni kumi na umetumia sita kujenga banda zuri la tofali, mradi huo hauendi, hata kama soko ni tamu. Napenda banda imara, lakini wengi wanaoanguka wanaangukia hapa: wamejenga vizuri, wamebaki bila chakula.

Na mkopo? Kabla hujasaini, linganisha ratiba ya marejesho na umri wa kuku. VICOBA na taasisi nyingi ndogo zinataka rejesho mwezi unaofuata. Kuku wako wataleta hela mwezi wa sita. Hata mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo haina riba, ina ratiba yake. Uliza kuhusu muda wa kutolipa mwanzoni, na upate jibu kwa maandishi.

Sasa turudi kwenye ile 418,000. Ukuzaji 7,800,000. Mwisho wa kipindi utauza kuku walioacha kutaga, tuseme 440 kwa 8,000, yaani 3,520,000. Inabaki 4,280,000 ya kurudisha katika miezi kama 14 ya kutaga: 306,000 kwa mwezi. Banda la milioni 5 likidumu miaka 10 ni 42,000 nyingine kwa mwezi.

418,000 toa 306,000 toa 42,000. Inabaki 70,000.

Elfu sabini kwa mwezi, kuku 500, kila kitu kikienda sawa. Sikuandika ili kukutisha. Ndivyo mradi huu ulivyo ukiuza kwa jumla na kumlipa mtu. Ukiusimamia mradi mwenyewe, ile 200,000 ya mshahara inakuwa yako, ila uiite mshahara, kwa sababu ndivyo ilivyo. Na ukipata 500 zaidi kwa kila trei kwa kuwauzia wauza chipsi moja kwa moja, unaongeza 190,000 kwa mwezi. Ndiyo maana nilikupeleka sokoni kwanza.

Utajua umefanikiwa ukiwa na jedwali la wiki kwa wiki, wiki 24, linaloonyesha hela inayotoka na inatoka wapi, na hakuna wiki yenye namba hasi.

## Hatua ya 5: Kagua eneo, maji na majirani

Hii ni ya siku moja au mbili.

Nafasi. Kuku watano kwa mita moja ya mraba wakifugwa chini kwenye maranda. Kuku 500 ni mita 100 za mraba. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, jua lisiingie ndani.

Maji. Kuku anakunywa kama mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na kwenye joto kali anaweza kufika mara mbili ya hapo. Kwa kundi letu ni madumu sita ya lita 20 siku ya kawaida, na kumi na mbili siku ya jua kali. Ukinunua maji kwa dumu, rudi hatua ya 3 urekebishe gharama.

Umeme. Kuku wanaotaga wanahitaji mwanga wa saa 14 hadi 16. Kwetu jua linatoa kama 12. Taa ni lazima.

Majirani na ofisi. Nenda kwa mtendaji wa mtaa na afisa mifugo wa kata kabla ya kujenga. Harufu na nzi vimehamisha mabanda mengi mijini.

Vifaranga. Uliza kampuni zaidi ya moja tarehe ya kupata mzigo, na kama wamechanjwa dhidi ya ugonjwa wa Marek's. Ukikuta vifaranga wa bei ya kutupa, uliza jinsia, kwa sababu majogoo wa kizazi cha mayai huuzwa rahisi na hawatagi. Usijaribu vifaranga wa kuvuka mpaka bila kibali: Oktoba 2017 vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya viliteketezwa Namanga.

## Hatua ya 6: Upige mradi wako mpaka uvunjike

Chukua hesabu iliyokamilika na uipige pigo moja moja.

1. Bei ya chakula ipande kwa asilimia 10. Mfuko 66,000, trei inakula 5,940. Unapoteza 205,000 kwa mwezi. Ile 70,000 inageuka hasara ya 135,000.
2. Utagaji ushuke hadi asilimia 70 kwa miezi miwili.
3. Trei ishuke kwa 500 kwa miezi mitatu.
4. Mnunuzi mkubwa akimbie na deni la wiki mbili.
5. Vifo vya asilimia 15 kwenye ukuzaji badala ya 5.

Kisha piga mawili kwa pamoja. Maisha hayaleti moja moja: mahindi yakiadimika, bei ya chakula hupanda na baadhi ya watengenezaji hupunguza ubora wake wakati huo huo.

Kwa kila pigo andika utafanya nini na hela itatoka wapi. "Nitaangalia" halihesabiki kama jibu. "Nina 1,500,000 ya akiba isiyoguswa, inanibeba miezi mitatu ya hasara ya pigo la 1 na la 2 kwa pamoja, na kuku wenye zaidi ya wiki 70 nitawauza mara moja" ni jibu.

Onyo: ukijikuta unarudi nyuma kupandisha bei ya trei ili hesabu ipone, funga daftari ulale. Bei uliyolipwa kwenye hatua ya 2 haiwezi kubadilishwa na kalamu.

## Hatua ya 7: Toa uamuzi na uuandike

Endelea kama zinabaki trei 4 au zaidi kwa mfuko, hela ya wiki 24 ipo yote kabla ya kuagiza vifaranga, na mradi unavumilia mapigo mawili kwa pamoja bila kukopa.

Badilisha kama zinabaki kati ya 3 na 4, au hela haitoshi. Unaweza kuanza na kuku 200 unaowahudumia mwenyewe na kuwauzia wateja wa hatua ya 2 moja kwa moja. Unaweza pia kununua mitetea iliyokwisha kukuzwa, wenye wiki 16 hadi 18. Bei yao ni kubwa, lakini shimo linapungua kutoka miezi mitano hadi wiki chache. Dai daftari la chanjo zao, na usimlipe asiye nalo.

Acha kama zinabaki chini ya 3. Biashara ya kununua na kuuza mayai uliyoifanya kwenye jaribio bado ipo, na huenda eneo lako linahitaji msambazaji wa kuaminika kuliko mfugaji mwingine.

Andika uamuzi, tarehe, bei ya mfuko na bei ya trei ya siku hiyo. Ukiagiza vifaranga zaidi ya mwezi mmoja baada ya tarehe hiyo, piga simu kwa muuza chakula na kwa wanunuzi wako wawili wakubwa, kisha rudia mgawanyo wa hatua ya 3 kabla ya kutuma malipo.